Rangi za Askari wa Kiazteki: Ushahidi Ndani ya Sanamu Ndogo

Miongoni mwa sanamu ndogo ambazo mafundi wa siku hizi hupenda kuzipaka rangi, imo ile ya askari wa Kiazteki aliyevaa kofia yenye umbo la kichwa cha jagwa, paka mkubwa wa Amerika anayefanana na chui. Uso wa askari huonekana katikati ya meno ya mnyama, na mashungi ya manyoya marefu huinuka juu ya kichwa. Sanamu ya namna hii huishia kifuani. Mara nyingi huwa ndogo kuliko mtu kwa kipimo cha 1 kwa 10, hata uso wenye urefu wa sentimita 20 ukawa wa sentimita 2 tu. Hutengenezwa kwa resini, yaani utomvu bandia wa viwandani, nayo humfikia fundi ikiwa haina rangi yoyote yenye maana.

Hivyo basi, kila rangi atakayoipaka fundi ni dai la kihistoria. Akipaka kofia rangi ya manjano, anadai kwamba kofia ilikuwa ya manjano. Je, amejuaje?

Swali hili lina uzito wake. Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, uliokuwa mahali ulipo leo mji mkuu wa Mexico, ulianguka mikononi mwa Wahispania na washirika wao wenyeji mwezi Agosti 1521. Katika vita hivyo na katika miaka iliyofuata, sehemu kubwa ya vitabu vya kale vya nchi hiyo iliteketezwa. Watu ambao maandishi yao yalichomwa moto wasihukumiwe tena kuonyeshwa kwa kubahatisha.

Mashahidi watatu

Shahidi wa kwanza ni vitabu vilivyochorwa na wenyeji baada ya vita. Kodeksi ya Mendoza, iliyotengenezwa karibu na mwaka 1541 na kuhifadhiwa Oxford, Uingereza, inaonyesha jinsi vazi la askari lilivyotegemea idadi ya mateka aliowakamata kwa mikono yake. Aliyefikisha mateka 4 amechorwa akiwa na vazi la jagwa. Katika kurasa za kodi za kitabu hicho, mavazi ya jagwa si ya rangi moja. Yamo ya manjano na yamo ya buluu. Sababu yake yaeleweka tukijua kwamba mavazi ya vita ya aina hii yalikuwa kitambaa kilichofunikwa kwa manyoya ya ndege. Kwa hiyo fundi anayepaka kofia kama ngozi halisi ya mnyama, yenye malaika laini, huenda anafuata mazoea ya leo badala ya ushahidi.

Shahidi wa pili ni kazi kubwa ya mtawa Bernardino de Sahagún na wasaidizi wake wenyeji, iliyokamilika karibu na mwaka 1577. Ni vitabu 12 vilivyoandikwa kwa Kinahuatli, lugha ya Waazteki, pamoja na Kihispania. Humo mna maelezo ya mafundi wa manyoya, gundi waliyoipata katika mimea ya jamii ya okidi, na malighafi za rangi: wadudu, majani, udongo na masizi ya msonobari.

Shahidi wa tatu ni ardhi yenyewe. Mwezi Februari 1978, wafanyakazi wa umeme waliokuwa wakichimba katikati ya mji wa Mexico waligonga jiwe la duara lenye kipenyo cha zaidi ya mita 3, lililochongwa umbo la mungu wa kike Coyolxauhqui. Uchimbaji wa Hekalu Kuu uliofuata ulifukua sanamu nyingi, na juu ya baadhi yake wanasayansi walikuta mabaki ya rangi nyekundu, manjano, buluu, nyeupe na nyeusi. Mawe ambayo leo ni ya kijivu hapo kale yalimetameta kwa rangi.

Kemia ya nyekundu na buluu

Waazteki walikuwa na nyekundu zaidi ya moja. Juu ya mawe walitumia oksaidi ya chuma, ambayo ndiyo inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Nyekundu hii ni nzito, haipitishi nuru, na huelekea kwenye rangi ya tofali. Juu ya vitambaa na vitabuni ilitumika nyekundu ya kokinili, mdudu mdogo anayefyonza maji ya mpungate. Karibu sehemu 1 kati ya 5 ya uzito wa mdudu jike aliyekaushwa ni asidi ya kaminiki, lakini wadudu zaidi ya 100,000 huhitajika kupata kilo 1. Asidi hiyo ikichanganywa na shabu, hushikamana na aluminiamu na kutoa nyekundu iliyoiva, inayopitisha nuru. Jamaa wa karibu wa mdudu huyu ameletwa Laikipia, nchini Kenya, ili kupunguza mpungate uliovamia malisho.

Basi fundi asitumie nyekundu moja kila mahali. Ukanda wa kitambaa wafaa kupakwa nyekundu ya kokinili kwa tabaka nyembamba. Oksaidi ya chuma ifae kwa jiwe la kitako.

Ama kuhusu buluu, wataalamu wa Amerika ya Kati waligundua jambo la kustaajabisha karne nyingi kabla ya maabara za kisasa. Nili ya mimea, ikiwa peke yake, hufifia kwa jua. Wao waliichanganya na udongo uitwao paligoskaiti, kisha wakaupasha moto mchanganyiko huo. Molekuli za nili hujipenyeza katika mifereji midogo sana ya udongo na kufungwa humo. Buluu inayopatikana hustahimili jua, unyevu, hata asidi kali.

Fizikia ya nyoya

Mashungi ya kofia yanaleta tatizo la namna nyingine. Manyoya yaliyothaminiwa kupita yote yalikuwa yale ya kijani ya ndege aitwaye ketsali. Kijani hicho hakitokani na rangi ya kijani iliyomo ndani ya nyoya. Ndani yake mna vipande vidogo mno vya melanini, dutu yenye weusi, vilivyopangwa kwa tabaka katika keratini. Nuru inayorudishwa na tabaka mbalimbali huingiliana: mawimbi mengine huimarishana na mengine hufutana. Mtazamaji akibadili pembe, kijani hugeuka kuwa dhahabu au buluu. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anaweza kuliona jambo hilohilo kwa chozi dume anapogeuka juani juu ya ua.

Rangi ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Fundi mwenye akili huanza na msingi ulio karibu na weusi, kwa kuwa ndivyo nyoya lenyewe lilivyo: melanini humeza nuru iliyozidi. Juu yake huweka kijani chepesi, kisha buluu upande mmoja na dhahabu upande unaoelekea taa. Zipo pia rangi zenye vipande vya ulanga vilivyofunikwa kwa utando wa oksaidi ya titani. Hizo huumba rangi kwa mwingiliano wa nuru, kama nyoya lenyewe.

Tatizo la udogo

Kunyauka kwa kipimo kuna sheria zake. Katika sanamu ya 1 kwa 10, mkunjo wa uso wenye kina cha milimita 1 huwa sehemu ya kumi ya milimita, na rangi nzito huuziba mara moja. Kwa sababu hiyo rangi za akriliki huongezwa maji na kupakwa kwa tabaka nyingi. Maji yanapokauka, chembe za plastiki huungana kuwa utando usioyeyuka tena majini, hivyo tabaka la juu haliharibu la chini.

Aidha, taa ya chumbani ni kubwa mno ikilinganishwa na sanamu. Vivuli vyake huwa hafifu, na uso huonekana bapa. Fundi hulazimika kuvichora vivuli mwenyewe: giza chini ya taya la jagwa na nyusi za askari, mwanga juu ya pua na mashavu.

Daftari la fundi

Sanamu iliyopakwa kwa ustadi yaweza bado kudanganya. Dawa yake ni daftari. Kwa kila rangi fundi aandike chanzo chake: kitabu, kitu kilichofukuliwa, uchunguzi wa maabara, au kukisia kwake mwenyewe. Kukisia si dhambi, maadamu kumeitwa kwa jina lake. Shule inaweza kufanya zoezi hilo kwa udongo wa mfinyanzi na rangi za maji. Wanafunzi wachague shujaa wa kale wa mahali popote, kisha kila mmoja atetee rangi alizozipaka mbele ya wenzake. Rangi isiyo na mtetezi ifutwe, na utafutaji uanze upya.