Maua ya Uani Yaweza Kumwua Paka Wako

Mkulima mwenye ghala la mahindi ajua thamani ya paka. Panya hali punje tu, bali hutoboa magunia, hukojolea nafaka na kuleta maradhi nyumbani. Paka hodari hudai mshahara mdogo: maziwa kidogo na pahali pa kulala. Kwa hivyo yakupasa, ndugu msomaji, kujua ya kwamba baadhi ya maua tunayopanda mbele ya nyumba ili wageni wayasifu ni sumu kali kwake.

Baya kuliko yote ni ua la lili. Lina petali sita ndefu zinazojikunja nyuma, na katikati vijiti vyenye unga wa manjano au hudhurungi. Huuzwa sana mijini kwa ajili ya harusi na mazishi. Wengine huliita yungiyungi, lakini yungiyungi hasa ni ua la majini, usiyachanganye. Liko pia lili la siku moja, ambalo kila ua lake huchanua na kunyauka siku ile ile. Hupandwa kando ya njia za bustani. Katika maua haya hakuna sehemu iliyo salama kwa paka: jani, shina, ua, hata maji ya chombo yalimowekwa. Wala si lazima alitafune. Akipita chini yake na ule unga ukamwangukia mgongoni, atajiramba kama ilivyo desturi yake, na sumu imekwisha kuingia tumboni. Mbwa akila lili aweza kuumwa na tumbo, lakini mafigo yake hayafi. Ya paka hufa.

Mwaka jana mama mmoja alifika ofisini kwetu kwa hasira, akitaka aandikiwe barua kwa chifu kwamba jirani yake amemtilia paka wake sumu. Walikuwa na ugomvi wa mpaka, basi ushahidi aliuona umetimia. Daktari wa mifugo akamwuliza, “Mama, nyumbani kuna maua gani?” Akakumbuka shada kubwa la lili kutoka harusi ya binti yake, lililokaa mezani siku nne. Alikuwa ameona manjano katika manyoya ya paka, akadhani ni bizari. Barua haikuandikwa.

Dalili ni hizi: kwa muda wa saa chache paka hutapika, hudondosha mate, hukataa chakula na kujificha. Kisha aweza kuonekana kama amepata nafuu, nawe ukafurahi. Usidanganyike. Baada ya siku moja hadi tatu mkojo hukatika, na hapo ni shida sana kumwokoa. Akipelekwa kwa daktari kabla ya saa 18 kupita na kutiwa maji ya mshipa, wengi hupona. Usimpe maji ya chumvi ili atapike, maana chumvi nyingi nayo ni sumu kwake. Na maziwa hayaondoi sumu hii. Mfute unga katika manyoya, chukua tawi la mmea ulioliwa, uende.

Olianda, ule mti wa ua wenye maua ya waridi au meupe, hudhuru moyo. Huu haumchagui paka: ng'ombe, mbuzi na mtoto wa binadamu wote wamo hatarini. Ukiupogoa, usiwatupie mbuzi matawi, kwani majani makavu pia yana sumu. Mnyaa, ambao wengine huuita kariaria, wafaa kwa ua wa boma, lakini utomvu wake mweupe huchoma macho. Ukiingia, osha kwa maji mengi. Mbegu za mbarika zikitafunwa huua.

Niseme neno juu ya pareto, kwa maana wakulima wa Nakuru, Nyandarua na Kisii wataniuliza. Hatari kubwa kwa paka si ua lenyewe. Wataalamu walitengeneza dawa za kuiga pareto, na mojawapo, iitwayo permethrini, imo katika dawa nyingi za viroboto na kupe za mbwa. Ini la paka haliwezi kuivunja. Atatetemeka, atashikwa na kifafa, na aweza kufa. Basi dawa ya mbwa usimpake paka hata tone moja, wala usiseme utampimia kidogo kwa kuwa yeye ni mdogo.

Hatukuambii ung'oe bustani yote. Lili likija nyumbani kama zawadi, mpe jirani asiye na paka, au liweke katika chumba kinachofungwa. Pale uani panda waridi, asumini, alizeti au zinia, ambayo hayana sumu kwa paka. Waridi lina miiba tu, naye paka huiheshimu miiba kuliko watoto wetu.