Simba Hahitaji Poda

Scarface, simba dume aliyejulikana kuliko wenzake wote wa Maasai Mara hadi alipokufa Juni 2021, alikuwa na kovu juu ya jicho la kulia. La kulia kwake yeye, si kwa anayemtazama. Ukikutana na picha yake yenye kovu juu ya jicho lake la kushoto, ujue kuna mtu aliyeona simba angependeza zaidi akitazama upande wa pili, akaigeuza picha kwa kubofya mara moja. Hakuongeza kitu wala hakufuta kitu. Lakini simba aliyebaki pale hajawahi kuzaliwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi hata hawalihesabu kuwa kosa. Tukisema picha imehaririwa vibaya, watu hufikiria mwezi mkubwa uliopachikwa nyuma ya mbuyu. Mwezi wa namna hiyo hata mtoto anaushtukia. Wasiwasi wangu uko usoni mwa mnyama, ambako uharibifu hufanyika kidogo kidogo na mwenye picha anapongezwa.

Mtazame simba mdomo wa juu kwa karibu. Sharubu zake zimeota kwenye madoa meusi yaliyojipanga mistari. Juu ya mstari kamili wa kwanza kuna madoa mengine machache yaliyotawanyika, na idadi yake pamoja na mahali yalipokaa hutofautiana kati ya simba na simba. Hata shavu la kushoto na la kulia la simba yuleyule hayafanani. Mwaka 1970, C. J. Pennycuick na Judith Rudnai walichapisha njia ya kuwatambua simba mmoja mmoja kwa madoa hayo. Rudnai alikuwa akiwachunguza simba wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Serengeti nako, ambako George Schaller alianza utafiti wa simba mwaka 1966, watafiti waliomfuata wamewatambua kwa madoa hayohayo, pamoja na masikio yaliyochanika na makovu. Kwa hiyo picha nzuri ya uso wa simba ni kitambulisho chake. Anayeilainisha ngozi ya pua, akafuta nzi na kovu, au akageuza kushoto kuwa kulia, amekichezea kitambulisho hicho.

Basi kipimo changu cha uhariri ni kimoja: kazi yote ikiisha, je, mtu anayemfahamu simba huyu bado atamtambua? Ndani ya mpaka huo kuna uhuru mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ila sehemu kubwa ya ubora wa picha huamuliwa garini. Serengeti iko nyuzi mbili tatu tu kusini mwa ikweta, na huku kwetu jua halipandi kwa mshazari mrefu kama la Ulaya. Linakwenda juu moja kwa moja. Likichomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, saa moja baadaye limeshapanda nyuzi kama 15, na ikifika saa tatu mwanga umekuwa mkali: macho ya simba yamezama kwenye kivuli cha paji la uso na manyoya ya mgongoni yamepauka. Mtalii anayekunywa chai kwa raha hotelini hadi saa mbili ameshakosa picha, na hakuna programu itakayomrudishia.

Adui mwingine wa mchana ni hewa yenyewe. Ardhi ikipata moto, hewa ya chini hupanda kwa mawimbi na kupinda mwanga, ndiyo yale mazigazi tunayoyaona barabarani. Kwa macho matupu huwezi kuyahisi kati yako na simba aliye mita mia moja. Lenzi ndefu huyaona yote. Picha inatoka laini, manyoya yameshikana kama uji, na mpiga picha anailaumu lenzi au mkono wake. Akienda kwenye kompyuta na kuongeza ukali, anachokiongeza ukali ni yale mawimbi. Dawa ni kusogea karibu, na kwa kuwa Serengeti na Ngorongoro gari haliruhusiwi kuacha barabara bila kibali maalumu, dawa inayobaki ni kusubiri jua lishuke.

Mengine nitayataja kwa haraka. Mwombe dereva azime injini, maana mtetemo wake unafika hadi kwenye lenzi. Egemeza kamera kwenye mfuko wa mchele au maharage juu ya dirisha. Simba aliyelala anavumilia kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde. Anayetembea mpe 1/1000, anayekimbia 1/2000. Dirisha la gari ni bora kuliko paa lililofunguliwa, kwa sababu simba anayepigwa kutoka juu huonekana paka, na anayepigwa usawa wa macho huonekana simba.

Halafu kuna miayo. Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba utamkuta kajilaza. Jioni akianza kupiga miayo mfululizo, weka kidole tayari, kwani mara nyingi yuko mbioni kuinuka. Picha ya miayo ni ya kuvutia, meno yote nje, na ndiyo inayozagaa mitandaoni ikiwa na maneno “simba akinguruma.” Simba anayenguruma huusogeza mdomo mbele, anaufungua nusu, na tumbo linajikunja kwa nguvu, meno huonekana kidogo tu. Maelezo ya chini ya picha nayo ni uhariri, na pengine ndio unaodanganya watu wengi zaidi, kwani hauhitaji hata kompyuta.

Sasa tuingie kwenye faili. Kamera nyingi hukupa uchaguzi wa kuhifadhi JPEG au faili ghafi, ile RAW. JPEG hugawa mwanga wa kila rangi katika ngazi 256. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Tofauti hiyo haionekani kwenye skrini siku ya kwanza. Inajitokeza pale unapomwinua dume mwenye manyoya meusi shingoni kutoka gizani: kwenye JPEG yale manyoya yanageuka kuwa bonge la tope lenye mabaka, kwenye faili ghafi unywele mmoja mmoja unajitokeza. Upande wa mwanga mkali hakuna huruma hiyo. Sehemu iliyoungua ikawa nyeupe kabisa haina kitu ndani, na nyasi kavu za Agosti huungua upesi. Ndiyo maana akiwepo dume mweusi kwenye nyasi nyeupe, napiga picha iliyofifia kidogo kwa makusudi, kisha nainua vivuli baadaye.

Kwenye kuhariri naanza na rangi. Simba aliyelala chini ya mgunga saa sita mchana anamulikwa na anga la buluu, si jua, kwa hiyo kamera humtoa na ubuluu wa baridi. Kumrudishia ujoto ni haki yake. Tatizo linafuata pale mkono unapoendelea kusogea. Simba na nyasi kavu wana rangi moja, na ndiyo inayomsaidia kujificha. Ukiongeza njano na chungwa kwa picha nzima, vyote viwili vinawaka pamoja na simba anazidi kupotea. Fanya kinyume: punguza mwanga na rangi ya nyasi kidogo, muache simba alivyo. Atajitokeza bila kuguswa.

Macho nayo yana vishawishi vyake. Simba mzima ana jicho la rangi ya kaharabu, na shibli huzaliwa na jicho lenye ubuluu linalobadilika akiwa na umri wa miezi michache. Kuinua mwanga wa jicho lililo kivulini ni sawa, mradi usizidi ule wa pua iliyo kando yake. Picha nyingi zinazouzwa zina macho yanayong'aa kama taa huku uso wote uko gizani. Mwanga huo umetoka wapi?

Chenga, zile nukta nukta za picha iliyopigwa gizani, nazo zina shida yake. Ukipiga jioni kwa ISO 6400, picha itajaa chenga, na programu za siku hizi huzifuta kwa sekunde chache. Zamani kufuta chenga kulimaanisha kulainisha, na madhara yalionekana. Programu za akili mnemba zimekwenda mbali: pale ambapo hazioni unywele, huuchora. Huuchora kwa kukisia kutokana na picha nyingi zilizotumika kuzifundisha, yaani kutokana na nyuso za wanyama wengine. Matokeo yanapendeza ajabu, na yale madoa ya sharubu yanaweza kuwa yamehamishwa, kuongezwa au kufutwa. Simu nyingi hufanya jambo hilohilo zenyewe kabla hujagusa chochote, hasa ukivuta kwa vidole hadi mwisho. Kwa mwenye simu peke yake, heri aiweke kwenye jicho la darubini ya dereva apate mwanga halisi, kuliko kuiachia simu ibuni.

Programu hizo nazitumia, ila kwa kiasi: kwa anga na nyasi nguvu nyingi, kwa uso nguvu kidogo au sifuri, kisha nalinganisha na faili ghafi kwa ukubwa wa asilimia 100, doa kwa doa. Chenga kidogo kwenye shavu la simba hazijamuudhi mtu.

Atakayeona masharti haya ni ya kubana mno aitafute picha ya Michael “Nick” Nichols iliyoshinda tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year mwaka 2014. Ni simba majike watano wa kundi la Vumbi, Serengeti, wamelala na watoto wao juu ya mwamba. Muda mfupi kabla walikuwa wamemfukuza mmoja wa madume wawili wa kundi lao. Nichols aliipiga kwa mwanga wa infraredi, tena nyeusi na nyeupe. Kwa mwanga huo majani hung'aa na anga la buluu huwa zito, kitu ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona kamwe. Ameondoa rangi zote za dunia, na hao majike bado ni walewale wa Vumbi. Waandaaji wa shindano hilo hukagua faili ghafi, huruhusu kupunguza kingo na kurekebisha mwanga na vivuli, na hukataa kuongeza au kuondoa kitu chochote. Naona wameuweka mpaka pazuri.

Udanganyifu, kwa vyovyote, ni mkongwe kuliko kompyuta. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyechapisha mwaka 1905 kitabu cha picha zake za wanyama wa Afrika Mashariki, aliwanasa simba usiku kwa unga wa kuwaka huku amefunga mnyama hai kama chambo. Leo chambo kimekuwa dereva anayeombwa kwa bahasha asogee mpaka simba anyanyuke. Picha inayotoka hapo inaweza kuwa haijahaririwa hata nukta moja, na mimi bado nisingeitundika.

Kabla ya kufunga kazi, hifadhi faili ghafi bila kuigusa, na kwenye jina lake andika tarehe, eneo, na upande wa uso unaoonekana. Mwongoza watalii au mtafiti akiiomba, usimtumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa WhatsApp huibana na madoa ya sharubu ndiyo hutangulia kupotea. Itume kama dokumenti.