Simama, Tuipime Tena Presha

Kliniki nyingi presha hupimwa mtu amekaa, mkono juu ya meza. Namba mbili zinaandikwa kwenye kadi, basi. Zinaonyesha presha ilivyo dakika ile. Uzima wa neva zinazoiendesha bila sisi kujua hauonekani mpaka neva zenyewe zipewe kazi.

Kazi nyepesi ni kusimama. Ukiinuka, damu kati ya mililita 500 na 800 huteremkia tumboni na miguuni. Vihisi vilivyomo kwenye ateri za shingo na kwenye mshipa mkuu unaotoka moyoni hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na mara moja mishipa hubana, moyo ukaongeza mwendo.

Kwa hiyo mgonjwa hulala dakika tano, hupimwa, kisha husimama na kupimwa tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20, au ya chini kwa 10, kuna kasoro. Wengi huishia hapo, na kwangu mimi hapo ndipo kazi inapoanza: mapigo je? Aliyekaukiwa maji kwa kuharisha, presha ikishuka, moyo humwenda mbio. Neva zake zinahangaika vilivyo, ila damu haitoshi. Mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye neva zake zimeharibika, presha yaweza kuanguka kwa 40 na mapigo yakaongezeka matano tu. Wote wawili watakwambia, "Daktari, nasikia kizunguzungu."

Maabara maalumu hutumia pia mbinu ya Antonio Maria Valsalva wa Bologna, aliyeieleza mwaka 1704 katika mambo ya masikio. Mgonjwa hupuliza mrija na kushikilia milimita 40 za zebaki kwa sekunde 15, kifaa cha kidoleni kikifuata presha pigo kwa pigo. Akiachia, presha ya mwenye neva nzima hupanda kupita ilipoanzia, moyo ukapunguza mwendo. Neva zikiwa zimekufa, mpando huo hauonekani. (Mwenye macho yaliyovuja damu kwa kisukari asipulizishwe.)

Mgonjwa mwenye neva zilizokufa mara nyingi ana balaa la pili: akilala, presha inapanda mno. Ukimwandikia dawa kali kwa kuangalia namba ya kitandani, ataanguka usiku akienda msalani. Ndiyo maana huambiwa aweke matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani, na vidonge vya kupandisha presha asivimeze jioni.