Kwenda Durban Kufunga Ndoa: Soma Hii Kabla ya Kukata Tiketi

Swali hili naulizwa karibu kila mwezi, na Desemba ikikaribia naulizwa kila wiki: "Dada, mchumba wangu yuko Durban. Nikienda kutembea kama mtalii, naweza kufunga naye ndoa kule halafu nirudi naye?" Wengi wenu mmepita Durban kabla ya kufika hapa Marekani, kama nilivyopita mimi. Mmeacha watu Albert Park, Point na South Beach, na moyo haujui kwamba ndege imesharuka.

Jibu fupi ni hili. Kwenda, ndiyo, kama karatasi zako zinaruhusu. Kufunga ndoa, ndiyo: sheria ya Afrika Kusini haimkatazi mgeni mwenye viza ya matembezi kuoa au kuolewa. Kurudi naye, hapana. Ndoa haimpi mtu viza ya Marekani. Inakupa wewe haki ya kuanza kumwombea, na hata haki hiyo inategemea una karatasi gani mkononi leo.

Mimi ni msimamizi wa kesi, si wakili. Ninayoandika hapa ni ya kukusaidia kujua maswali ya kumuuliza wakili, na kukuzuia usitumie akiba ya miaka miwili kwa safari isiyozaa kitu.

Tuanze na wewe

Kama umefika kama mkimbizi na bado hujapata kadi ya kijani, ushauri wangu ni mmoja: usisafiri. Kadi hiyo inataka uwe umekaa ndani ya Marekani mwaka mmoja mzima. Zaidi ya hapo, mkimbizi hatoki bila hati ya kusafiria ya wakimbizi, ile inayoombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado uko hapa. Hati hiyo ni ya mwaka mmoja na haiongezwi muda. Ikikuishia ukiwa Durban, umekwama Durban. Na usidanganywe na mtu anayesema "chukua tu pasipoti ya Kongo, ni rahisi." Ulikuja hapa ukisema kwamba serikali ya kwenu haiwezi kukulinda. Ukienda kuiomba pasipoti, siku moja ofisa anaweza kukuuliza imekuwaje.

Mwenye hati ya wakimbizi anaomba viza ya Afrika Kusini mapema, kwenye ubalozi wao. Ule msamaha wa kuingia siku 90 bila viza ni wa pasipoti ya Marekani, yaani wa wale ambao tayari ni raia. Siku hizo zikipita hata kidogo, unahesabiwa. Ukizidisha chini ya siku 30, unaweza kufungiwa mlango miezi 12. Ukizidisha zaidi ya siku 30, miaka mitano. Fikiria mke wako yuko upande ule na wewe huruhusiwi kuingia kumwona.

Uwanjani King Shaka, ofisa akikuuliza umekuja kufanya nini, sema ukweli: nimekuja kumwona mchumba wangu na tunataka kufunga ndoa, tarehe ya kurudi ni hii hapa. Hakuna kosa ndani ya maneno hayo. Kosa ni kusema umekuja kuona bahari wakati mkoba umejaa suti na shela.

Fomu I-730 haifanyi kazi hapa

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoumia zaidi. Kuna fomu iitwayo I-730, ambayo mkimbizi anaitumia kumleta mume, mke au watoto waliobaki nyuma. Inatakiwa ipelekwe ndani ya miaka miwili tangu ufike. Watu wanasikia "miaka miwili" wanafikiri: basi niende haraka nikafunge ndoa, nirudi nijaze. Sivyo. Fomu hiyo ni ya ndoa iliyokuwepo kabla hujaingia Marekani kama mkimbizi. Ndoa ya baada ya kufika, hata ingefungwa wiki moja tu baadaye, haiingii humo.

Mlango uliobaki ni fomu I-130, na huo haufunguliwi na mkimbizi asiye na kadi ya kijani. Mwenye kadi anaweza kumwombea mkewe au mumewe, lakini kesi inaingia kwenye foleni. Raia anaweza kumwombea bila foleni hiyo, ingawa ukaguzi na usaili bado vina muda wake. Kwa mkimbizi kuna jambo jema: kadi ya kijani inahesabiwa kuanzia siku uliyofika nchini, kwa hiyo miaka mitano ya kuomba uraia inaanza pale, na maombi unaweza kuyapeleka hadi siku 90 kabla haijatimia. Mtu aliye hapa miaka minne hesabu yake si sawa na ya mtu wa mwaka mmoja na nusu. Ukiomba ukiwa na kadi kisha ukawa raia kesi ikiwa njiani, kesi inapanda daraja, unawajulisha tu.

Raia ana njia nyingine pia, viza ya mchumba, K-1. Mnatakiwa muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba, na harusi inafanyika hapa ndani ya siku 90 baada ya yeye kuingia. Kwa baadhi yenu hii ni bora kuliko kuhangaika na ofisi za Durban. Lakini ukishafunga ndoa kule, njia ya mchumba imefungwa. Kwa hiyo chagua kabla ya harusi.

Sasa, wapo waliokuwa wanaishi na mtu Durban kama mke na mume, mahari ikatolewa, wazee wakala, halafu kwenye usaili wakasema "sina mke" ili kesi isichelewe. Kama ni wewe, usiende kufunga ndoa "mpya" na mtu yuleyule kimyakimya. Tafuta wakili wa uhamiaji kwanza, umweleze yote. Majibu yako ya zamani yako kwenye faili, na ofisa atakayesoma I-130 atayasoma na yale.

Ndoa yenyewe, Durban

Sherehe si ndoa. Kwa Marekani, ndoa ni ile inayotambuliwa na sheria ya mahali ilipofungwa, na kwa Durban hiyo inamaanisha ndoa iliyoandikishwa Home Affairs. Sheria yao ya ndoa, namba 25 ya 1961, inataka ninyi wawili muwepo wenyewe, mbele ya ofisa wa ndoa na angalau mashahidi wawili, kanisani au kwenye jengo la ibada, ofisi ya umma au nyumba ya mtu, milango ikiwa wazi. Ndoa ya mwakilishi hairuhusiwi. Zile za WhatsApp, bwana harusi yuko Ohio na bibi harusi yuko Point, ziacheni kabisa. Hata Marekani haihesabu ndoa ambayo mmoja hakuwepo, mpaka muwe mmekutana kama mume na mke baada yake.

Mchungaji au imamu anaweza kuwafungisha, ila awe ameteuliwa na serikali kuwa ofisa wa ndoa. Si kila mchungaji wa kanisa letu ana uteuzi huo, na wengine hawapendi kuulizwa. Ulizeni tu, kwa heshima, na muombe kuona barua. Maimamu walianza kuteuliwa kwa wingi 2014. Kwa nikaha chagueni mmoja wao. Na mahari yetu ya Kongo au Burundi, hata ikitolewa mbele ya ukoo mzima, haimo kwenye sheria ya ndoa za kimila ya 1998, kwa sababu sheria hiyo inazungumzia mila za wenyeji wa Afrika Kusini. Ukimuoa binti wa Kizulu kwa lobola, hilo ni jambo lingine, lakini nalo liandikisheni.

Kila mmoja analeta kitambulisho au pasipoti. Aliyeachika analeta hukumu ya talaka. Mjane analeta cheti cha kifo. Mgeni anatakiwa kuonyesha kwamba hana ndoa nyingine. Marekani haina ofisi ya taifa inayotoa cheti hicho, kwa hiyo watu huapa kwa maandishi mbele ya notari kabla ya kusafiri. Mchumba wako muombe aende ofisini mapema, aulize wanataka karatasi yenye maneno gani, akupigie picha ya fomu. Kufika na karatasi isiyo sahihi huku tiketi ya kurudi ni Jumapili ni msiba mdogo.

Kama mchumba wako ni mwomba hifadhi mwenye ile karatasi inayoitwa Section 22, au mkimbizi aliyekubaliwa mwenye Section 24, angalia tarehe. Kibali kilichoisha kinasimamisha kila kitu. Na yeye asiende ubalozi wa nchi aliyoikimbia kutafuta cheti cha kutokuwa na ndoa, kwa sababu ileile niliyokuambia kuhusu pasipoti. Sheria ya ndoa inakubali kiapo kwa mtu asiye na kitambulisho, na kiapo kinafanywa hata kituo cha polisi. Akikataliwa dirishani, awaone Lawyers for Human Rights. Wana ofisi Durban.

Kisha kuna usaili. Mmoja akiwa mgeni, ofisa wa uhamiaji huwahoji kabla ya ndoa. Msione kama mmedharauliwa. Kule wanawake wengi wamegundua, siku wanapotaka kuolewa kweli, kwamba kwenye kompyuta ya serikali tayari wana mume wasiyemjua, mgeni aliyenunua karatasi. Ndiyo maana wanauliza: mlikutana wapi, mama yake anaitwaje, nani alitoa habari kwa wazazi. Usaili unahitaji miadi na harusi inahitaji miadi nyingine. Likizo ya siku kumi kutoka kiwandani haitoshi, labda mchumba awe ameshaandaa nusu ya kazi.

Mkimaliza, mtapewa cheti kifupi. Hicho hakitoshi. Ubalozi wa Marekani unataka kile kirefu, ambacho dirishani wanakiita "unabridged", na kinaombwa peke yake. Kinaweza kuchukua miezi. Kiombeni wiki hiyohiyo ya harusi, na hakikisheni majina yenu yameandikwa herufi kwa herufi kama kwenye karatasi zenu. Jina kama Mwamini likiandikwa Mwamine kule, litawasumbua huku.

Baada ya hapo

Usaili wa viza ya kuhamia haufanyiki Durban, unafanyika ubalozi mdogo wa Marekani Johannesburg. Wekeni nauli ya basi kwenye bajeti. Wewe utatia sahihi fomu I-864, kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wa nyumba yako. Kikipungua, ndugu mwenye kazi anaweza kutia sahihi pamoja nawe. Tunzeni picha, risiti za pesa ulizotuma, ujumbe wa simu. Mume au mke akiingia kabla ndoa haijafikisha miaka miwili, anapewa kadi ya masharti ya miaka miwili, na kuna fomu nyingine ya kuyaondoa.

Mchumba mwenye hadhi kamili ya ukimbizi anaweza kuomba Home Affairs hati ya kusafiria. Mwenye Section 22 hawezi, na hilo lijadiliwe na wakili mapema. Pia, tangu Juni 2025 kuna amri za rais wa Marekani zinazozuia au kubana viza za raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwemo, na orodha imeongezwa tangu hapo. Kinachoangaliwa ni uraia wa mchumba wako, si mji anakoishi. Tuulizeni hali ikoje wiki hiyo.

Kuna wanaotoa dola ili uende "kumuoa" dada yao kwa karatasi tu. Adhabu ni hadi miaka mitano jela na faini hadi dola 250,000, na yule dada atafungiwa maisha asiombewe tena na mtu yeyote, hata na mume wa kweli.

Jambo ambalo watu husahau ni watoto. Ukiomba ukiwa na kadi ya kijani, watoto wa mwenzako walio chini ya miaka 21 na wasio na ndoa wanaweza kuingia ndani ya kesi ya mama au baba yao. Ukiwa raia, hapana: kila mtoto anahitaji I-130 yake. Na mtoto wa kambo anahesabiwa mtoto wako kama tu ndoa ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18. Nimeona familia ambapo binti alikuwa na miaka 17 na miezi tisa siku tulipokaa kuhesabu, na tarehe ya harusi ilibidi isogezwe mbele kwa ajili yake, si kwa ajili ya ukumbi.

Kwa hiyo ukija ofisini, njoo na kadi yako au I-94, picha ya kibali cha mchumba wako mbele na nyuma, na tarehe za kuzaliwa za watoto wote, hata yule ambaye bado hujamtaja kwa mtu.