Vitenzi vya Kiingereza katika vishazi rejeshi: Mitego inayowanasa Waswahili

KATIBA ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Hivyo Mkenya aliyepita shuleni hutarajiwa kuzimudu lugha zote mbili, kwa mdomo na kwa kalamu. Hata hivyo, zipo sehemu za sarufi ambapo lugha hizi hugongana, na mojawapo ni kishazi rejeshi.

Kishazi rejeshi ni sehemu ya sentensi inayoeleza zaidi kuhusu nomino iliyotangulia. Katika sentensi “Mtoto aliyeanguka analia”, neno “aliyeanguka” linamrejelea mtoto. Mwingereza atasema “The child who fell is crying”. Wazo ni lile lile, lakini mzigo umebebwa kwa njia tofauti. Katika Kiswahili kirejeshi “ye” kimo ndani ya kitenzi chenyewe. Katika Kiingereza kirejeshi “who” kinasimama peke yake na kitenzi “fell” hakibadiliki hata kidogo. Makosa mengi ya Waswahili wanapoandika Kiingereza huanzia kwenye tofauti hiyo.

Mtego wa kwanza ni wa kurudia yambwa. Si ajabu kusikia mtu akisema “the man whom I saw him” au “the letter that you wrote it”. Asili ya kosa hili si uvivu. Katika Kiswahili tunasema “mtu niliyemwona”. Ukilichambua neno hilo utapata viambishi viwili vinavyomhusu mtu yule yule: “ye” ya urejeshi na “mw” ya yambwa. Mswahili akifasiri kila kiambishi kwa neno lake, “whom” itasimamia “ye” na “him” itasimamia “mw”. Kiingereza hakikubali jambo hilo. Mafahali wawili hawakai zizi moja: “whom” ikishachukua nafasi ya yambwa, “him” haina budi kuondoka. Sentensi sahihi ni “the man whom I saw”, na pia “the woman whom we helped”, “the people whom she knows”.

Hata hivyo, si kila kiwakilishi kinachofuata kitenzi kinafaa kufutwa. Chukua “the book which I gave him”, yaani “kitabu nilichompa”. Hapa “him” ni mpokeaji, wala si kitabu. Kanuni basi ni kuuliza: je, kiwakilishi hiki kinarejelea nomino ile ile ambayo “who”, “whom”, “which” au “that” inairejelea? Kama ndivyo, kiondolewe. Kama sivyo, kiachwe.

Mtego wa pili ni wa vihusishi. Vitenzi kadhaa vya kawaida vya Kiingereza huandamana na kihusishi ambacho katika Kiswahili hakionekani. “Kutafuta” ni “look for”, “kutegemea” ni “depend on”, “kusikiliza” ni “listen to”, na “kusubiri” ni “wait for”. Mswahili anayetaka kusema “kazi niliyokuwa nikiitafuta” huandika “the job which I was looking”, kwa sababu kitenzi chake cha Kiswahili kimekamilika bila msaada. Kwa Mwingereza sentensi hiyo ina pengo. Anasubiri “for” ije, nayo haiji: “the job which I was looking for”.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili hakina njia ya kuibeba maana hiyo. Kinayo, ila huificha ndani ya kitenzi. “Kalamu ninayoandikia” ni “the pen which I write with”, na maana ya “with” imebebwa na kauli ya kutendea. “Nyumba ninamoishi” ni “the house which I live in”, na “mo” ndiyo inayotuambia kwamba ni ndani. “Mji ninakotoka” ni “the town which I come from”, na kazi ya “from” imegawanywa baina ya “ko” na kitenzi “toka”. Anayekumbuka hayo hatakisahau kihusishi.

Baadhi ya walimu huwakataza wanafunzi kuimaliza sentensi kwa kihusishi. Katazo hili ni la zamani. Mnamo mwaka wa 1672, mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi Ben Jonson, aliyekuwa ameshafariki, kwa tabia hiyo hiyo. Hata hivyo, Waingereza hawajaiacha. Katika maandishi rasmi mtu anaweza kukitanguliza kihusishi na kuandika “the house in which I live”. Katika mazungumzo “the house I live in” haina kasoro. Lililo kosa ni kukiacha kihusishi kabisa.

Mfano huo wa mwisho unaleta mtego wa tatu. Kiingereza huruhusu kirejeshi kudondoshwa kinapokuwa yambwa: “the man I saw”. Kinapokuwa kiima hakidondoshwi. Kwa hiyo “the man came yesterday is my uncle” ni kosa, na inafaa kuandikwa “the man who came yesterday is my uncle”. Kiswahili hakina ruhusa ya namna hiyo. Iwe ni “niliyemwona” au “aliyekuja”, kirejeshi lazima kiwepo.

Mtego wa nne ni upatanisho. “Who” haina umoja wala wingi wake yenyewe, bali hufuata nomino inayoirejelea. Ndiyo maana husemwa “the girl who sings” lakini “the girls who sing”. Utata huja katika sentensi kama “She is one of the students who have passed”. Wengi huandika “has” kwa kuwa anayezungumziwa ni mmoja. Hapa Kiswahili ni msaada mkubwa. Tunasema “Yeye ni mmoja wa wanafunzi waliofaulu”, wala si “aliyefaulu”, kwa sababu waliofaulu ni wengi na yeye yumo miongoni mwao. Lakini tukisema “Ndiye mwanafunzi pekee aliyefaulu”, basi kitenzi kinarudi katika umoja: “the only one of the students who has passed”. Mwandishi anayesitasita na aifasiri sentensi yake kwa Kiswahili kwanza. Kiambishi cha ngeli kitampa jibu.

Mtego wa tano ni mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa madhara, nao ni koma. Tuchukue mfano wa ilani ya mwenye nyumba: “The tenants who have not paid will leave.” Maana yake ni kwamba watakaoondoka ni wale tu ambao hawajalipa. Sasa tuweke koma mbili: “The tenants, who have not paid, will leave.” Maana imegeuka. Wapangaji wote hawajalipa, na wote wataondoka. Vitenzi ni vile vile, maneno ni yale yale, lakini aliyelipa kodi yake sasa amejumuishwa na wadaiwa. Kishazi cha kwanza kinabagua, cha pili kinatoa maelezo ya ziada. Zaidi ya hayo, “that” haitumiki katika kishazi cha aina ya pili.

Kwa mtu anayetia sahihi mkataba wa kazi, wa mkopo au wa ardhi, jambo hili si mchezo wa wanasarufi. Ni vyema kukisoma kila kishazi rejeshi polepole na kuuliza: je, kinawahusu wote au baadhi tu?

Mitego haiko upande mmoja. Kiingereza nacho huwaharibia Wakenya Kiswahili chao. “Who has money” hugeuka “ambaye ako na pesa”, ilhali Kiswahili sanifu kina “aliye na pesa” na, kwa ufupi zaidi, “mwenye pesa”. “The book which was written” hugeuka “kitabu ambacho kilichoandikwa”, penye virejeshi viwili mahali pa kimoja. Mtu achague: ama “kitabu ambacho kiliandikwa” au “kitabu kilichoandikwa”. Vilevile, kirejeshi hakiingii katika kitenzi chenye “me”. “The student who has arrived” ni “mwanafunzi ambaye amefika” au “mwanafunzi aliyefika”, kwani “amba” ndiyo inayokuja kuokoa pale ambapo kitenzi hakiwezi kukibeba kirejeshi.

Kwa jumla, anayeandika kishazi rejeshi cha Kiingereza ajiulize maswali manne. Je, nimemtaja mtu au kitu kile kile mara mbili? Je, kitenzi changu kinadai kihusishi, nami nimekiweka? Je, kitenzi kimepatana na nomino inayorejelewa? Na je, koma zangu zinasema ninachokusudia? Akiyajibu hayo, hatahitaji kuikimbia lugha yake ili aijue ya wenzake. Kiambishi kidogo kilichomo ndani ya kitenzi cha Kiswahili kitamwonyesha mahali pa kutazama katika sentensi ya Kiingereza.