Upepo Kiasi Gani?
Wateja wangu wengi hapa Shinyanga huminya tairi la baiskeli kwa kidole gumba, kisha husema: "Fundi, ongeza." Wanadhani ugumu ndio kasi. Kwenye lami, sawa. Kwenye changarawe tairi gumu hurukaruka, na kila mruko unakula nguvu za miguu. Punguza upepo kidogo, tairi linalala juu ya kokoto na mgongo unapumzika. Ukipunguza mno, rimu itabana tyubu ikuachie matundu mawili yaliyokaa sambamba. Pancha hiyo naijua kabla sijaitia majini. Mbigili ni habari nyingine. Hapo nakufungia tairi la mpira mnene, zito, ulalamike baadaye. Mbeba magunia achukue pana, bila mjadala. Yale membamba ya mbio? Mazuri, yakiwa yametundikwa ukutani.