Ulinganishi wa Makadirio ya Utoaji wa Gesijoto Utokanao na Matumizi ya Ardhi katika Ukanda wa Tropiki

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 2011 na 2012 zilichapishwa tafiti tatu kuhusu kaboni inayopotea kutokana na mabadiliko ya matumizi ya ardhi katika tropiki. Pan na wenzake (2011) walikadiria tani bilioni 2.9 kwa mwaka kwa kipindi cha 1990 hadi 2007. Harris na wenzake (2012) walikadiria tani bilioni 0.81 kwa kipindi cha 2000 hadi 2005, ilhali Baccini na wenzake (2012) walikadiria tani bilioni 1.0 kwa kipindi cha 2000 hadi 2010. Kwa mtazamo wa haraka, matokeo haya yanakinzana. Makala haya yanafafanua kwamba sehemu kubwa ya tofauti hizo inatokana na kila utafiti kupima kitu tofauti.

2.0 Jumla Ghafi na Jumla Halisi

Jumla ghafi huhesabu kaboni inayotoka pekee. Jumla halisi huondoa humo kaboni inayofyonzwa na misitu inayochipua upya. Pan na wenzake walitoa hesabu zote mbili: kati ya tani bilioni 2.9 zilizotoka, tani bilioni 1.6 zilifyonzwa na uoto uliochipua, hivyo jumla halisi ikawa tani bilioni 1.3. Mkulima wa kilimo cha kuhamahama anayefyeka pori na kuliacha lichipue huongeza jumla ghafi kila anapofyeka, ingawa mchango wake katika jumla halisi unaweza kuwa mdogo. Kwa hiyo, uchaguzi wa aina ya jumla huathiri pia uzito wa lawama anayobebeshwa mkulima huyo.

3.0 Mipaka ya Hesabu

Linalotatanisha zaidi ni kwamba jumla halisi ya Baccini na wenzake (1.0) ni kubwa kuliko jumla ghafi ya Harris na wenzake (0.81). Jambo hili lisingetarajiwa iwapo tafiti zote mbili zingehesabu shughuli zilezile. Harris na wenzake walihesabu ufyekaji wa misitu pekee, na kaboni iliyomo katika miti, juu na chini ya ardhi. Baccini na wenzake walijumuisha pia uvunaji wa magogo, kilimo cha kuhamahama na kaboni ya udongo. Aidha, Harris na wenzake walitoa wigo wa makadirio wa tani bilioni 0.57 hadi 1.22, makadirio ya Baccini na wenzake yamo ndani ya wigo huo, lakini kuwamo humo si uthibitisho wa kuafikiana.

4.0 Fasili ya Msitu

Harris na wenzake walitumia kigezo cha miti kufunika angalau asilimia 25 ya eneo. Tanzania, katika kiwango rejea cha misitu ilichowasilisha chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, hutumia asilimia 10. Tuchukue mfano wa miombo iliyofunikwa na miti kwa asilimia 20. Ikifyekwa yote, Tanzania itahesabu upotevu wa msitu. Kwa kigezo cha asilimia 25, msitu haukuwapo tangu awali. Kinyume chake, miombo ya asilimia 40 ikikatwa kwa ajili ya mkaa hadi ikabaki asilimia 15, kwa fasili ya Tanzania hiyo bado ni msitu, japokuwa umeharibiwa. Katika mipango kama MKUHUMI, ambamo malipo hutegemea upungufu wa utoaji uliothibitishwa, tofauti hii inaweza kuamua kama juhudi za kijiji zitahesabiwa au la.

5.0 Hitimisho

Kabla ya kulinganisha makadirio, mtafiti anapaswa kubainisha aina ya jumla, kipindi, shughuli na hifadhi za kaboni zilizojumuishwa, pamoja na fasili ya msitu. Vilevile ahakikishe vizio vinafanana: tani moja ya kaboni ni sawa na takribani tani 3.67 za kaboni dioksidi, hivyo tani bilioni 0.81 za kaboni ni takribani tani bilioni 3.0 za gesi hiyo. Tofauti itakayosalia baada ya hatua hizo ndiyo inayostahili kujadiliwa kama tofauti ya data na mbinu. Kuchukua wastani wa makadirio matatu kabla ya kuyaoanisha hutoa tarakimu isiyojibu swali la utafiti wowote kati ya hizo.